UZI MAALUMU: Andiko la utafiti na bajeti yake kwa ruzuku za afya za NIH. Anza kijijini, Excel baadaye

#1 KaraniWaRuzuku

Wakuu, habari za jioni.

Wiki hii nimeletewa maandiko matatu niyapitie kabla hayajawasilishwa NIH, yaani taasisi za taifa za afya za serikali ya Marekani. Yote ni ya vijana wenye vichwa vizuri, na yote yana ugonjwa mmoja: sayansi imeandikwa miezi minne, bajeti imeandikwa usiku mmoja. Mmoja amekopi bajeti ya mradi wa zamani wa malaria, kasahau kufuta vyandarua. Utafiti wake ni wa kisukari.

Nimekaa ofisi ya miradi zaidi ya miaka kumi. Taasisi yangu siitaji, maana mengine nitakayoyasema ni aibu yetu wenyewe.

Nianze na aibu hiyo. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na andiko la kichocho, visiwa vya Ukerewe. Watu wazuri, hoja nzuri. Mbinu ilisema vijiji 24, watu 60 kila kijiji, jumla 1,440. Kila mtu atoe kinyesi siku mbili, na kila sampuli itengenezewe slaidi mbili za Kato-Katz, yaani kinyesi kinapakwa kwenye kioo na mayai ya minyoo yanahesabiwa kwa hadubini. Fanya hesabu: slaidi nne kwa mtu, mara 1,440, unapata 5,760. Bajeti yetu ilikuwa na vifaa vya slaidi 2,880. Aliyeandika bajeti hakuisoma mbinu, na aliyeandika mbinu hakuiona bajeti mpaka siku ya kuwasilisha. Mpitiaji mmoja akaandika sentensi moja tu: haieleweki kama watafiti wanakusudia kufanya walichokieleza. Sentensi hiyo ilituua.

Haikuishia hapo. Tuseme msomaji hodari wa hadubini anasoma slaidi 60 kwa siku bila kuanza kuona mayai yasiyokuwepo. Slaidi 5,760 ni siku-mtu 96. Wasomaji wawili, siku 48 za kazi. Ongeza asilimia 10 zinazosomwa upya kwa ajili ya ubora, ni slaidi 576, karibu siku-mtu 10 zaidi. Sisi tulilipia siku 30 za uwandani, tena ndani ya siku hizo kulikuwa na safari.

Halafu mbinu ilisema tutahesabu na mayai ya safura. Aliyewahi kushika Kato-Katz anajua kwamba mayai ya safura hupotea kwenye slaidi ndani ya muda mfupi, yanatakiwa yasomwe ndani ya saa moja hivi, wakati ya kichocho yanasubiri hata siku nyingine. Maana yake huwezi kubeba slaidi mpaka mjini Nansio ukazisome jioni. Hadubini iende kijijini. Hadubini ikienda kijijini inataka meza, kivuli, na umeme wa jua au jenereta. Jenereta inataka mafuta. Na kisiwa kinataka boti, boti inataka maboya ya kujiokolea kwa kila kichwa. Baada ya MV Nyerere kuzama karibu na Ukara Septemba 2018, mtu anayeandika bajeti ya Ukerewe bila maboya sijui anaandikia wapi. Sentensi moja ya safura kwenye mbinu imezaa mistari sita kwenye bajeti, na sisi hatukuwa na hata mmoja.

Tangu siku ile nina utaratibu mmoja. Kabla hatujafungua Excel, tunakaa na mtu wa maabara, dereva na mratibu wa uwandani, tunaisimulia siku moja ya kazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Nani anaamka wapi, anapanda nini, anabeba nini, anakula wapi, sampuli inalala wapi. Mimi naandika. Simulizi hiyo ikiisha, bajeti imeshajiandika robo tatu. Mtafiti mkuu akisema hana muda wa kikao hicho, namwambia basi na andiko lake halina muda.

Sasa mambo ya NIH yenyewe, kwa ambaye hajawahi.

Ruzuku maarufu ni R01, R21 na R03. R01 mkakati wa utafiti ni kurasa 12, R21 na R03 ni kurasa 6. Zote zinatanguliwa na ukurasa mmoja wa malengo mahususi, na ukurasa huo ndio utakaoutolea jasho kuliko kurasa zote. R21 ni dola 275,000 za gharama za moja kwa moja kwa miaka miwili, na mwaka mmoja usizidi 200,000. R03 ni 50,000 kwa mwaka, miaka miwili. R01 haina kiwango kimoja, ila ukitaka kuomba 500,000 au zaidi kwa mwaka wowote, lazima uombe ridhaa ya taasisi husika ndani ya NIH angalau wiki sita kabla.

Wamarekani wakiomba 250,000 au pungufu kwa mwaka wanaruhusiwa bajeti ya vifungu, vipande vya 25,000 visivyo na mchanganuo mrefu. Sisi taasisi za nje haturuhusiwi. Sisi ni mchanganuo kamili, mstari kwa mstari, kwa dola. Wengi wanakopi mfano wa rafiki yao wa Marekani wakashangaa mfumo unawakatalia.

Ovahedi, yaani fedha ya kuendeshea taasisi inayoongezwa juu ya gharama za moja kwa moja za utafiti: taasisi ya nje inapata asilimia 8 tu. Haipigwi kwenye jumla yote, unatoa kwanza vifaa vikubwa na mambo mengine machache yasiyohesabiwa. Mfano: gharama za moja kwa moja za mwaka wa kwanza ni 180,000, ndani yake kuna mashine ya 12,000. Msingi ni 168,000, asilimia 8 yake ni 13,440. Na kumbuka kwa R21 ukishatumia 180,000 mwaka wa kwanza, wa pili umebakiwa na 95,000. Nimeona watu wanaweka mwaka wa pili kazi yote ya uwandani, wakati pesa imeshaliwa na semina za mwaka wa kwanza.

Nitaendelea na mishahara na usajili. Ulizeni.

#2 Mtoto wa Maabara

Natia nanga hapa. Hiyo ya safura imenichoma. Mwaka juzi tulibeba slaidi kwenye boksi la viatu saa nne nzima kwa bodaboda, halafu ripoti ikasema safura imepungua wilayani.

#3 Shemeji wa Kilwa

Asante sana kaka Karani. Mimi ni mkunga, sasa nasoma uzamivu. Nataka kuomba R21 na msimamizi wangu, utafiti wa kifafa cha mimba kwenye zahanati 18 huku kusini. Swali la kwanza: kibali cha maadili lazima niwe nacho kabla ya kuwasilisha? Nimeambiwa nisubiri kwanza NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na siku ya mwisho ni Juni 16.

#4 KaraniWaRuzuku

Dada, usisubiri. NIH haidai kibali siku ya kuwasilisha. Wanakidai baadaye, andiko likishapita kwenye jopo na likionekana lina dalili za kupata fedha. Unachotakiwa kuwa nacho siku ya kuwasilisha ni maelezo kamili ya utawalindaje washiriki.

Ila anza maandalizi mapema, maana kwetu kibali hakipatikani kwa siku mbili. Kwa Bara unapita bodi ya taasisi yako, halafu kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR. Kama kuna mtafiti mgeni anakuja, kuna kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Sampuli zikitoka nje ya nchi, kuna mkataba wa kuhamisha sampuli. Ikiwa ni jaribio la dawa, unaongeza TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kila hatua ina ada na safari zake, na hivyo vyote viwe na mstari kwenye bajeti au taasisi ikubali kwa maandishi kwamba itabeba. Mradi mmoja nimeuona umekaa miezi mitano bila kuanza kwa sababu hakukuwa na kifungu cha kulipia ada ya kibali, na kila mtu alidhani mwenzake atalipa.

#5 Mzee wa Mashaka

Mnafundishana kuchota maji kwenye kisima kilichokauka. USAID imefungwa rasmi Julai 1, 2025. NIH nao Mei 2025 walitangaza hawatoi tena ruzuku-tanzu mpya kwa taasisi za nje. Endeleeni kuhesabu maboya.

#6 KaraniWaRuzuku

Mzee, shikamoo. Unachosema ni kweli lakini nusu yake.

Tangazo la Mei 1, 2025 lilihusu njia ile ya chuo cha Marekani kupokea ruzuku halafu kukumegea wewe kipande. Walisema hawatatoa mpya za namna hiyo mpaka waweke muundo mwingine ambao taasisi ya nje inakuwa na ruzuku yake inayojitegemea, iliyounganishwa na ile kuu. Yaani ule mtindo wetu wa miaka yote, kwamba profesa wa kule anaandika kila kitu na sisi tunatuma profoma na saini, ndio umepigwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya uzi huu. Huko tunakoelekea utatakiwa uwe na usajili wako, mhasibu wako, mkaguzi wako na bajeti uliyoielewa mwenyewe. Wengi hatujawahi kuandika bajeti yetu, tumekuwa tukiandikiwa.

Na ujuzi huu si wa NIH peke yao. Mfuko wa EDCTP3 wa Ulaya unauliza maswali hayohayo, tofauti ni kwamba wao ovahedi ni asilimia 25 kwa mkupuo. Ukiandika kwa COSTECH nako utaulizwa siku ngapi, watu wangapi, kwa nini.

#7 Wuod Nam

Niongeze kutoka Kenya. Sisi sheria ya sayansi na teknolojia ya 2013 inasema mfuko wa taifa wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Ukiisoma sheria utafikiri tuko Uswisi. Bajeti ikisomwa Juni unarudi kuwaandikia Wamarekani.

Hata wito wa Bamako wa 2008 ulizitaka nchi zitenge angalau asilimia 2 ya bajeti za wizara za afya kwa utafiti. Mzee wa Mashaka akitaka kulia, alilie hapo, siyo kwa Karani.

Halafu Karani, hujagusa suala la mishahara. Huko ndiko watu wanakopigania.

#8 KaraniWaRuzuku

Haya, mishahara. Mtanivumilia, hii ni ndefu.

NIH hawaandiki asilimia, wanaandika miezi-mtu. Mtu akitoa asilimia 20 ya muda wake kwa mwaka, ni miezi 2.4. Miezi 3 ni asilimia 25. Inaonekana kitu kidogo, lakini nimeona fomu imeandikwa "20" kwenye kisanduku cha miezi. Mwaka una miezi 20 huyo bwana?

Unachoomba ni mshahara wako halisi wa taasisi mara hiyo miezi. Siyo mshahara unaotamani. Na hapa ndipo pagumu kwa watumishi wa umma: kama serikali inakulipa mshahara wote, mradi nao ukakulipa kwa saa zilezile, umelipwa mara mbili, na mkaguzi akija hilo ndilo analianza. Njia ni mbili tu ninazozijua zinazosimama. Ama mradi urudishe kwa taasisi sehemu ile ya mshahara, ama taasisi iwe na sera iliyoandikwa na kupitishwa ya malipo ya ziada, inayotumika kwa miradi yote, siyo iliyotungwa kwa ajili ya mradi wako. Na majedwali ya muda yajazwe kila mwezi, siyo yote kwa kalamu moja usiku wa kuamkia ukaguzi. Wakaguzi si watoto, wanaona wino.

Kwa watu wa mkataba, usisahau juu ya mshahara kuna mchango wa mwajiri NSSF, kuna SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), kuna WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), kuna bima ya afya. Ukiandika mshahara mtupu, mwaka wa kwanza utalazimika kumpunguza mtu mmoja kulipia wengine. Nimeshuhudia mdodosaji anaachishwa kazi Machi kwa sababu ya kosa la hesabu la mtu mwingine la Oktoba.

Posho. Naomba tuongee kiutu uzima. Posho ya kujikimu kwa mtu aliyelala nje ya kituo inaeleweka, andika siku, andika kiwango rasmi, andika sababu. "Posho ya kikao" kwa watu kumi na nane waliokaa kwenye jengo lao wenyewe haieleweki kwa mpitiaji wa Ohio na usijaribu kuieleza. Kama unahitaji kamati ya wilaya ikutane, omba nauli na chai, na useme kikao kitatoa nini.

Fidia ya muda wa mshiriki ni kitu kingine kabisa. Mama anayeacha shamba kuja kupimwa apewe nauli na kitu cha shukrani, iwe kwenye bajeti na iwe kwenye fomu ya ridhaa, kiasi kilekile pande zote mbili.

Mwisho, dola na shilingi. Ruzuku inatolewa kwa dola, na NIH hawakufidii sarafu ikicheza. Mwaka 2024 dola ilipanda ikapita shilingi 2,700, mwisho wa mwaka ikaporomoka hadi karibu 2,400. Aliyepanga mishahara ya shilingi kwa kiwango cha juu alijikuta hana ya kulipia Januari. Mimi hupanga kwa kiwango cha chini zaidi nilichokiona miaka miwili iliyopita, na kwenye maelezo ya bajeti naandika nimetumia kiwango gani na tarehe gani.

#9 Baharia wa Baltimore

Nawasoma kutoka Marekani. Nimewahi kukaa kwenye majopo ya kupitia maandiko, sitasema lipi wala ya nani kwa sababu tunakula kiapo cha siri. Niseme jambo la jumla ambalo liko wazi hata kwenye tovuti yao: bajeti haiingii kwenye alama. Alama ya jumla ni 10 hadi 90, ndogo ndiyo nzuri, na inatokana na ubora wa sayansi. Tangu Januari 2025 vigezo vimekusanywa kwenye makundi matatu: umuhimu wa utafiti, uthabiti na uwezekano wa mbinu, halafu utaalamu na mazingira. Bajeti inajadiliwa baada ya alama kupigwa.

Kwa hiyo mtaniuliza, Karani anahangaika na nini? Anahangaika na lile kundi la pili, uwezekano. Mpitiaji hasubiri mpaka mwisho ndio afungue bajeti. Akiona mbinu inataka mambo makubwa, anachungulia kama kuna watu wa kuyafanya. Akikuta mtakwimu ana miezi-mtu 0.3 kwa utafiti wa vijiji 24, ameshaamua kabla kikao hakijaanza.

Kingine: andikeni yale mambo ambayo Mmarekani hawezi kuyajua. Kuna kiambatisho maalumu kwa taasisi za nje cha kueleza kwa nini utafiti huu ufanyike huko na siyo Marekani. Watu wanaandika aya mbili baridi kuhusu mzigo wa magonjwa barani Afrika. Andika una nini: kundi la watu unaowafuatilia tangu lini, maabara gani, ugonjwa gani usiopatikana Ohio.

#10 Kijana wa Kisasa

Mbona mnajitesa? Mimi namwambia ChatGPT aniandikie, nusu saa andiko tayari na bajeti juu. Nimetuma manne mwezi uliopita.

#11 Baharia wa Baltimore

Mdogo wangu, tangu Septemba 25, 2025 NIH wana sera: andiko lililotungwa kwa kiasi kikubwa na akili bandia halihesabiwi kuwa kazi ya mwombaji, na mtafiti mkuu mmoja haruhusiwi kuwasilisha zaidi ya maandiko sita kwa mwaka wa kalenda. Umebakiwa na mawili. Yatumie vizuri.

#12 Mtoto wa Maabara

😂😂😂 Kijana wa Kisasa njoo huku, ChatGPT alikuwekea maboya?

#13 Shemeji wa Kilwa

Narudi wakuu. Karani naomba unisaidie kwenye usajili, nimechanganyikiwa. Nimeambiwa kuna sehemu nne za kujisajili.

#14 KaraniWaRuzuku

Ndiyo, na mpangilio wake una maana. Taasisi ya nje inaanza na namba ya NCAGE, ya kuitambulisha taasisi isiyo ya Marekani. Ukiwa nayo unaingia SAM.gov, daftari la serikali ya Marekani la wanaopokea fedha zake, huko ndiko unakopata UEI, namba ya utambulisho ya taasisi, ile iliyochukua nafasi ya DUNS Aprili 2022. Halafu Grants.gov, tovuti ya kuombea ruzuku, na eRA Commons, mfumo wa NIH wa kufuatilia maandiko. Mtafiti mkuu naye awe na akaunti yake eRA Commons. NIH wenyewe wanasema anza wiki sita kabla. Mimi nasema miezi mitatu, kwa sababu jina la taasisi kwenye hati za usajili wa hapa, kwenye akaunti ya benki na kwenye SAM lisipofanana hata kwa nukta, utarudishwa.

SAM inahuishwa kila mwaka. Weka kwenye kalenda ya watu watatu, maana mmoja atakuwa likizo ya uzazi. Kwetu iliwahi kuisha siku nne kabla ya kuwasilisha. Mwenye nywila alikuwa amehamia wizarani, na simu yake ya zamani ndiyo iliyokuwa inapokea namba za uthibitisho. Tulimtafuta mpaka msibani Singida. Tulimpata, lakini uhuishaji hauishi siku hiyohiyo, tukaukosa mzunguko ule.

Siku yenyewe ya mwisho ni saa kumi na moja jioni kwa saa za hapa ulipo, siyo za Washington. Wasilisha angalau siku tatu au nne kabla. Ukishatuma unakuwa na siku mbili za kazi kulitazama andiko kama lilivyotoka kwenye mfumo, na ukiona kasoro unalirudisha na kulituma tena, mradi siku ya mwisho haijapita. Ukituma dakika ya mwisho umeitupa nafasi hiyo mwenyewe.

#15 Wuod Nam

Na mpango wa data jamani. Tangu Januari 2023 kila andiko lenye data za kisayansi liwe na mpango wa kuzitunza na kuzishirikisha, kurasa mbili zinatosha, na gharama zake ziwekwe kwenye bajeti. Watu wanaandika "tutahifadhi kwenye kompyuta ya mradi". Kompyuta ya mradi ikiisha mradi inakuwa ya mtoto wa bosi.

#16 Shemeji wa Kilwa

Nimefanya ile simulizi ya siku moja, nimekaa na dereva wetu na muuguzi mmoja wa zahanati. Nimeshtuka.

Niliandika nitatembelea kila zahanati mara moja kwa mwezi kukagua mashine za kupimia presha na daftari za kliniki. Zahanati 18 kwa miezi 12 ni ziara 216. Dereva akasema kwa barabara zetu ukijitahidi ni zahanati mbili kwa siku. Siku 108 za gari. Kwenye bajeti niliweka siku 40, hata sijui 40 niliitoa wapi. Halafu akaniuliza, "Dokta, na Aprili je?" Mwaka 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu pale Somanga mwezi Mei, hakuna aliyepita. Mimi mpango wangu ulikuwa unaanza Machi.

Muuguzi naye kasema mashine tulizopewa mradi uliopita zina mkanda wa saizi moja, na mama mwenye mkono mnene anapata presha ya uongo. Na betri zikiisha zahanati inasubiri mpaka mtu aende Kilwa Masoko.

Sasa siku 108 na mikanda na betri vinapitisha mwaka wa kwanza juu ya 200,000. Nipunguze nini? Msimamizi anasema nipunguze siku za gari nirudishe 40, "hawatajua".

#17 Mzee wa Mashaka

Watajua, binti. Mimi nilikuwa mkaguzi.

#18 KaraniWaRuzuku

Mzee kumbe ulikuwa upande ule! Ndiyo maana.

Dada, usiguse siku za gari wala mikanda. Hivyo ndivyo vinavyokupa namba za kuaminika. Kama vipimo ni vya mkanda usiofaa, zahanati 18 au 80 ni sawasawa.

Tazama kwanza kama unahitaji ziara ya kila mwezi kila mahali. Miezi mitatu ya mwanzo, ndiyo, ndipo makosa ya kupima yanapozaliwa. Hizo ni ziara 54. Baadaye nenda kila mwezi wa pili, miezi tisa iliyobaki ziwe ziara nne kwa kila zahanati, ni 72. Jumla 126, siku 63 za gari. Katikati muuguzi atume picha ya ukurasa wa daftari bila majina ya wagonjwa, na umnunulie kifurushi cha intaneti, kidogo tu, ila kiandikwe. Betri zipeleke za akiba kwenye kila ziara.

Kisha mwambie mtakwimu arudie hesabu ya sampuli kwa zahanati 14. Pengine bado una nguvu ya kutosha ya kitakwimu, na ukipungukiwa ni bora ujue sasa. Ikibaki 14, ni ziara 98, siku 49.

Kuanza sogeza Juni. Ukiwasilisha Juni hii fedha hazitoki kabla ya Aprili mwakani hata kila kitu kikienda sawa, kwa hiyo Machi haikuwepo tangu mwanzo.

Na kwenye maelezo ya bajeti usiandike "usafiri, siku 49". Andika zahanati 14, ziara saba kila moja, mbili kwa siku, kwa sababu ya umbali na hali ya barabara, na kwamba Machi hadi Mei hakuna ziara za barabara za ndani kwa sababu ya mvua, zitakazoangukia hapo zinafanywa kabla. Mistari mitatu. Aliyeko Ohio hajui Somanga, lakini ataona kwamba wewe unaijua.

#19 Shemeji wa Kilwa

Mtakwimu kajibu. 14 haitoshi, 16 inatosha. Ziara 112, siku 56. Nimeingiza, mwaka wa kwanza umekaa 191,300. Nimemtumia msimamizi na jedwali la dereva.

#20 KaraniWaRuzuku

Safi. Umeweka mafuta ya kurudi?

#21 Shemeji wa Kilwa

...nakuja.